Za Buku: Bei, Jiko na Mlaji wa Chipsi wa Dar es Salaam

Mwaka 2022 ulikuwa mgumu kwa kila aliyeishi kwa kukaanga. Vita vya Urusi na Ukraine vilikwamisha mafuta ya alizeti ya Bahari Nyeusi. Mwezi Machi fahirisi ya bei za chakula ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ilipanda kuliko wakati wowote tangu ianze kutolewa, mafuta ya kula yakiwa mbele. Aprili 28 Indonesia, mzalishaji mkubwa wa mawese kuliko wote duniani, ikazuia kuyauza nje, na zuio hilo likadumu hadi Mei 23. Tanzania, ambayo kwa miaka mingi imeagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula licha ya alizeti ya Singida na Dodoma, haikuwa na pa kujificha. Petroli na dizeli nazo zilipanda hata Serikali, kuanzia Juni, ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Kwa hesabu za darasani, mabanda ya chipsi ya Dar es Salaam yalitakiwa kukosa wateja. Hayakukosa. Manzese, Tandika, Mbagala, Mwananyamala, jioni ilipoingia makarai yaliendelea kuchemka na watu waliendelea kuyazunguka.

Maelezo mawili husikika kila jambo hili linapozungumzwa. La kwanza ni la wazee na la baadhi ya wataalamu wa lishe: vijana wa siku hizi ni wavivu, hawajui kupika. La pili hupendwa na wanazuoni wa utamaduni: chakula cha haraka ni alama ya usasa, mtu hununua hadhi pamoja na mlo. Hili la pili lina ukweli kwa Nairobi, ambako KFC ilifungua tawi lake la kwanza mwaka 2011 ndani ya jumba la maduka, na watu walienda kula huku wakipigana picha. Lakini kwa banda la chipsi la uswahilini halina mashiko. Hakuna anayejionyesha kwa kula chipsi mayai akiwa amesimama kando ya mtaro, akichoma kwa kijiti cha meno, sosi ikimtiririka kwenye kiganja. Na la uvivu linashindwa kueleza kwa nini mtu huyohuyo aliyeamka saa kumi alfajiri na kubeba mizigo kutwa Kariakoo awe mvivu ifikapo saa mbili usiku tu.

Hoja yangu ni kwamba swali lenyewe huulizwa vibaya. Tunapouliza kwa nini watu hununua chakula cha haraka ingawa kimepanda bei, tunadhani kwamba kuna chakula kingine, cha nyumbani, ambacho bei yake imebaki palepale kikimsubiri mlaji arudiwe na akili. Kwa mpangaji wa chumba kimoja chakula hicho hakipo. Kupanda kwa bei hakumtoi kwenye karai la jirani kwa sababu kunamkuta na jikoni kwake, na mara nyingi huko kunamuumiza zaidi.

Tazama hesabu ya geto. Kijana amepanga chumba kimoja, kodi amelipa ya miezi sita kwa mkupuo, choo na bomba ni vya uani. Hana jiko kwa maana ya chumba. Ana jiko la mkaa linalokaa chini ya kitanda mchana na mlangoni usiku. Hana friji. Mafuta huyanunua ya kupima, nyanya kwa fungu, mchele kwa nusu kilo, mkaa kwa kopo. Tuseme, kwa mfano tu, kopo la mkaa la kuivishia maharage ni shilingi 1,000. Familia ya watu watano itaigawa gharama hiyo kwa sahani tano na kila mmoja ataibeba kwa shilingi 200. Yeye ataibeba yote. Akipika mengi ili yamfae kwa siku mbili, joto la Dar litayachachua kabla ya jioni ya pili. Mkaa wa kuwashia, muda wa kusubiri moto ushike, maji ya kuoshea sufuria, kitunguu kinachobaki nusu: vyote hivi ni gharama zisizopungua kwa kuwa mlaji ni mmoja. Mkaanga chipsi huwasha moto mara moja na kuwahudumia watu mia.

Sasa panapotokea mfumuko wa bei, nani huumia zaidi? Mwenye banda hununua mafuta kwa dumu la lita 20 na viazi kwa gunia la lumbesa lililoshuka kutoka Njombe au Mbeya. Mpangaji hununua mafuta yaleyale mwishoni mwa mnyororo, baada ya kila mkono kuchukua chake, kwa kipimo ambacho mwenye duka hukikadiria kwa jicho. Bei inapopanda huko juu, anayenunua kidogokidogo huipokea ikiwa imeshanenepa njiani. Kwa hiyo bei ya chipsi inaweza kupanda na bado chipsi zikawa, kwa kulinganisha na kujipikia, nafuu kama zilivyokuwa jana. Mlaji anayeendelea kununua hajapuuza bei. Amelinganisha bei mbili zilizopanda pamoja. Wala si lazima tuchukulie chipsi kuwa bidhaa ya Giffen, ile ambayo maskini huinunua kwa wingi zaidi kadiri inavyopanda bei, na ambayo wanauchumi Robert Jensen na Nolan Miller walidai mwaka 2008 kuwa wameikuta kwenye mchele wa mkoa wa Hunan, China. Kanuni ya kawaida ya bei linganifu inatosha.

Kuna muda pia. Mwanauchumi Gary Becker, katika makala yake ya mwaka 1965 kuhusu mgawanyo wa muda, alifundisha kwamba bei kamili ya kitu ni fedha pamoja na saa zinazotumika kukipata na kukitumia. Ni somo zuri, ila lilipimwa kwa mshahara wa saa, na dereva wa bodaboda hana mshahara wa saa. Nadhani linalomhusu mkazi wa Dar si urefu wa muda bali saa yenyewe. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 hayajafuta foleni za daladala. Mtu wa Gongo la Mboto anayefika nyumbani saa tatu usiku akibandika maharage atayala saa sita. Hapo thamani ya muda wake kwa shilingi ni swali la kitabuni. Yeye anataka kulala.

Neno moja zaidi kuhusu muda, kwa kuwa husahauliwa na wale wanaotukumbusha jinsi ugali wa nyumbani ulivyo rahisi. Ugali huo ni rahisi kwa sababu mikono inayousonga hailipwi, na mikono hiyo karibu siku zote ni ya mke, dada au msichana wa kazi. Kijana wa kiume aliyekulia kwenye ugali wa bure akihamia geto hukutana kwa mara ya kwanza na gharama ambayo mama yake aliibeba kwa miaka ishirini. Mwanamke anayeuza duka hadi usiku huijua tangu zamani. Akipitia bandani na kubeba chipsi za watoto, majirani humsema. Sijawahi kusikia wakimsema mumewe.

Lakini nguvu kubwa ya banda iko kwenye namna linavyouza. Mteja haulizi bei. Anasema, "Niwekee za buku," yaani za shilingi 1,000, au "za buku jero," za 1,500, naye muuzaji hukadiria. Fedha ndiyo iliyotajwa. Chakula ndicho kinachobadilika. Dukani bei hupanda na kipimo hubaki, bandani bei inaweza kukaa palepale miezi mingi huku kipimo kikipungua viazi vitatu vitatu. Mafuta yakipanda, muuzaji hana haja ya kutangaza bei mpya na kumshtua mteja. Ataongeza kabichi kwenye kachumbari, sosi itaongezwa maji, viazi vitakatwa vyembamba zaidi ili vijaze karatasi. Mteja naye si kipofu. Anaona, ananung'unika, anadai nyongeza, na mara nyingi anapewa vijiti viwili vitatu vya kumtuliza. Mazungumzo hayo mafupi ndiyo soko lenyewe. Fahirisi ya bei za mlaji hupata taabu hapa, kwa sababu inahitaji bidhaa yenye kipimo kinachojulikana.

Mteja pia ana ngazi yake ya kushukia. Kuku akiwa ghali, anachukua chipsi mayai, zege kama wanavyoiita. Mayai yakipanda, anachukua chipsi kavu. Chipsi kavu zikimshinda, kwenye karai la pili pana mihogo ya kukaanga, ambayo watani wameipa jina la chipsi dume. Anashuka ngazi zote hizo bila kuondoka bandani. Nadhani hapa ndipo watafiti wengi hupotea: wanatafuta mlaji anayekimbilia nyumbani bei ikipanda, kumbe amehama kutoka upande mmoja wa kabati la kioo kwenda wa pili.

Unyumbufu huu ni mali ya banda, si ya kila chakula cha haraka. Januari 2022 matawi ya KFC ya Kenya yaliishiwa chipsi, wakati viazi vimejaa sokoni. Kampuni ilieleza kuwa viazi vyake huletwa kutoka nje na meli zimechelewa, na kwamba wakulima wa ndani hawakuwa wameidhinishwa kwa viwango vyake vya ubora. Wakenya walikuja juu mitandaoni, na walikuwa na haki, maana Nyandarua, wanakolima viazi, si mbali. Wakati huohuo chipo mwitu ya mtaani ilikaangwa kama kawaida kwa kiazi cha Shangi kilichofika asubuhi hiyo. Biashara isiyo na kiwango haiwezi kukwamishwa na kiwango.

Kukosa kiwango kuna bei yake, na sitaki niipite kimyakimya. Muuzaji anayebanwa na bei ya mafuta atayatumia tena na tena hadi yawe meusi. Hiyo ndiyo sehemu ya mfumuko ambayo mlaji hailipi kwa buku lake. Huilipa baadaye kwa mwili wake. Wataalamu wa lishe wako sahihi kabisa juu ya ubaya wa mafuta hayo. Wanapokosea ni pale wanapodhani kwamba tatizo ni ujinga, na kwamba bango likisema la kutosha mtu atarudi kwenye maharage ambayo tumekwisha kuona gharama yake.

Haya si mambo ya Afrika peke yake. Mwanaanthropolojia Sidney Mintz, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu historia ya sukari, alionyesha jinsi chai ya sukari na mkate vilivyochukua nafasi ya mlo wa moto kwa wafanyakazi wa Uingereza, kwa sehemu kwa sababu viliokoa kuni na saa za mwanamke aliyeitwa kiwandani. Samaki na chipsi vilifuata njia hiyohiyo katika karne ya 19. Mwandishi George Orwell, aliyetembelea miji ya makaa ya mawe ya Uingereza na kuchapisha alichokiona mwaka 1937, aliona kwamba asiye na kazi hapendi chakula kikavu chenye afya. Anataka kitu chenye ladha kidogo. Wakosoaji wa wakati huo waliwaita watu hao wabadhirifu, karibu kwa maneno yaleyale tunayoyasikia leo.

Mtu atauliza hapa kuhusu mwenye mshahara, mwenye jiko la gesi na friji, ambaye bado huagiza kuku na chipsi kila Ijumaa. Hoja yangu haimwelezi, na sidhani inapaswa kumweleza. Huyo ananunua starehe, na starehe ina sheria zake. Kumchanganya na mpangaji wa Manzese ndiko kulikozaa mjadala wa uvivu.

Kisera, tofauti hiyo ina uzito. Mamlaka za miji zimezoea kuliona banda kama uchafu wa barabara: sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwasaka wasio na kazi rasmi mijini, na Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kwenye hifadhi za barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa, baadhi yao mbali na njia wanazopita wateja wao. Ukiliona banda kama jiko la umma, utauliza maswali mengine: mafuta yanabadilishwa mara ngapi, maji ya kunawa yapo, bwana afya anapita kukagua au anapita kudai chake.

Kuna pia njia ya kuipima hoja hii. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, na umepangwa kwa kufikiria kaya, ambayo kwa sensa ya 2022 ina wastani wa watu 4.3. Mpangaji wa peke yake hufichika ndani ya wastani huo, na mtungi wa gesi wa kilo 6 kwake ni fedha nyingi za kutoa kwa siku moja. Lakini gesi ya kulipia kwa kadiri unavyotumia, ambayo tayari imejaribiwa Dar es Salaam na Nairobi, hupunguza gharama ileile isiyogawanyika ya kuwasha moto kwa ajili ya sahani moja. Ikisambaa kwenye vyumba vya kupanga na wateja wa karai wakapungua siku za kazi, hata kama bei ya chipsi haijapanda, hoja itakuwa imesimama. Wasipopungua, wale wa uvivu watakuwa na la kusema.