Mkeka wa Rangi katika Bonde la Ruhembe

Jina la Mikumi limetokana na mti. Mivumo iliyosimama pale ndiyo iliyokipa kijiji jina lake, na kijiji nacho kikaipa jina Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Ukitoka Mikumi ukashika njia ya kusini iendayo Kidatu, wafika katika bonde la Ruhembe, ambalo wengine huliandika Ruembe. Katika nchi hii ukoo wa mvumo ni mkubwa: upo mkoche, ambao majani yake huitwa miyaa, na upo mkindu, mdogo wao, upendao kusimama penye majimaji. Basi si ajabu kwamba watu wa nchi yenye jina la mti wa namna hiyo wametandika majani ya nduguze sakafuni mwao. Twakusudia kueleza hapa habari za mkeka, na hasa mkeka wa rangi, kwa kuwa ni sanaa inayokaliwa kila siku na kutazamwa mara chache.

Atafutaye ukindu hakati mti. Huchagua kuti changa ambalo halijafunguka, akalikata na kuuacha moyo wa mti salama, ili msimu ujao apate tena. Makuti huanikwa juani hata yakawa meupe, kisha huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu, yakawa chane nyembamba zenye upana mmoja. Hapo ndipo rangi iingiapo. Zamani mizizi ya mdaa ilichemshwa ikatoa weusi, bizari ya manjano ikatoa rangi yenye jina lake, na huko pwani magome ya mkoko yakatoa wekundu. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Perkin, aliyekuwa akijaribu kutengeneza dawa ya homa, alipata bila kutazamia rangi ya zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Rangi za unga za dukani, zinunuliwazo leo kwa vipakiti, ni wajukuu wa rangi ile. Sisi hatuzilaumu, zang'aa na zapunguza kazi. Lakini nyingi hupauka upesi zikipigwa na jua, nao weusi wa mdaa una utulivu ambao hatujauona katika kipakiti.

Chane zikikauka kivulini, husukwa ukili, yaani utepe mrefu ambao mwanamke aweza kuusuka akiwa njiani, akiongea, au akimlinda mtoto, huku sehemu iliyokwisha imeviringwa kando yake. Kili nyingi zikipatikana hushonwa ubavu kwa ubavu, na ukingo hupigwa taraza ili usifumuke. Mtu asiyejua hudhani kwamba maua na miraba ya mkeka hutiwa baadaye, kama atiavyo mchoraji. Sivyo. Kila chane ya rangi ina zamu yake ya kupita juu na ya kupita chini, na msukaji akikosea hesabu moja mwanzoni, kosa hilo litamfuata hadi mwisho wa ukili. Tena yampasa kuona akilini jinsi ukili huu utakavyokutana na mwenzake siku ya kushona. Hana karatasi wala rula. Walimu wa hisabati wangefaa kukaa naye kitako asubuhi moja pamoja na wanafunzi wao.

Tupate kulinganisha, tuwatazame watu wa Ulaya. Katika karne ya 18 Waingereza, na baadaye Wamarekani, walitandika sakafuni maturubai ya kitani yaliyopakwa rangi ya mafuta kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, yakachorwa miraba ipate kufanana na marumaru. Mwaka 1847 Michael Nairn alijenga kiwanda cha matandiko hayo mjini Kirkcaldy, Uskoti. Kisha, katika miaka ya 1860, Frederick Walton akabuni linoleamu, na haukupita muda mrefu turubai lile likasahauliwa. Pambo lake lilikuwa juu ya kitambaa. Nyayo zikiliparuza, mwenyewe alilazimika kupaka tena. Pambo la mkeka limo ndani ya jani lenyewe.

Hata hivyo mkeka wataka adabu. Haukunjwi kama nguo, maana jani huvunjika penye mkunjo. Huviringwa ukawekwa wima au darini. Hukung'utwa, ukafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, wala haulowekwi, kwani ukungu hauna dawa. Huanikwa jua la asubuhi na si la adhuhuri. Ukili mmoja ukichakaa hufumuliwa, ukashonwa mwingine mahali pake. Mgeni huvua viatu kabla ya kuukanyaga. Tumewahi kuona katika ofisi moja mkeka mzuri wa maua mekundu umepigiliwa misumari dirishani kuzuia vumbi, tukanyamaza kwa kuwa tulikuwa wageni.

Bonde lenyewe limebadilika. Tangu miaka ya 1960 mashamba ya miwa yameenea pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, Msolwa upande mmoja na Ruembe upande mwingine, na watu wa makabila mengi wamekuja kufanya kazi na kukaa pamoja na Wavidunda na Wasagara. Miwa imeleta fedha, shule na barabara, hilo hatulikani. Lakini muwa na mkindu hugombea ardhi ile ile ya mtoni, na mkindu hauna kiwanda cha kuutetea. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kikapu kilirudi sokoni kwa heshima. Mkeka haukupata bahati hiyo. Mkeka wa plastiki haukuguswa na amri ile. Huoshwa kwa maji mengi, nao una maua yaliyohesabiwa na mashine.

Bibi mmoja wa bonde hili alituonyesha ukili wa rangi tatu aliokuwa akiusuka. Tulipomwuliza kama wajukuu wake wanajua kazi hiyo, alisema wanajua kusuka ukili mweupe. Wa rangi huuanza vizuri, akasema, kisha hesabu huwapotea, nao humletea yeye aumalizie.