Torati Isomwayo Kila Juma

Wayahudi waliigawa Torati, ndiyo vitabu vitano vya Musa, kuwa mafungu 54, ipate kusomwa yote kwa mwaka mmoja. Desturi hii ilitoka Babeli. Katika nchi ya Israeli hapo kale walichukua yapata miaka mitatu.

Lakini walimu wa Talmudi hawakuridhika mtu asikilize tu katika sinagogi. Waliagiza kila mtu alisome mwenyewe fungu la juma, mara mbili kwa Kiebrania, na mara moja kwa tafsiri ya Kiaramu, lugha iliyosemwa na watu wengi wakati ule. Nami naiona hekima yao: sheria isiyofahamiwa yawezaje kumwongoza mtu?

Na sisi tuliokariri shuleni maneno tusiyoyafahamu, tujiulize: je, tulisoma kweli?