Unathibitishaje kuwa gemu uliyonunua ni yako?

Ukinunua kabati Keko, limekwisha kuwa lako. Unaweza kuliuza, kulirithisha, hata kuligeuza banda la kuku, na fundi hana cha kukuuliza. Kwenye gemu za video mambo hayaendi hivyo. Pesa umelipa, risiti unayo, lakini siku ukiambiwa "thibitisha kuwa ni yako" unaweza kujikuta huna cha kuonyesha kinachokubalika.

Swali hilo linaulizwa kila siku. Seva za kampuni hukuuliza kimyakimya kila unapowasha gemu. Watu wa huduma kwa wateja hukuuliza akaunti yako ikiibwa. Hata mtu anayetaka kununua PlayStation yako ikiwa na gemu zake atakuuliza, kama ni mjanja. Na jibu linalokubalika limebadilika sana ndani ya miaka 40 hivi.

Enzi ya boksi na gurudumu la karatasi

Kabla ya intaneti, kampuni haikuwa na namna ya kujua gemu iko mikononi mwa nani. Ilichoweza ni kukuuliza swali ambalo jibu lake limechapwa kwenye kitu kilichokuja ndani ya boksi. Hesabu ilikuwa rahisi: aliyenakili disketi ya rafiki yake hana boksi.

Gemu ya The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 ilikuja na gurudumu la karatasi ngumu lenye sura za maharamia. Kioo kinakuonyesha sura, unazungusha gurudumu mpaka nusu ya juu na nusu ya chini zilingane, unasoma mwaka unaotokea kwenye kidirisha, unauandika. Ukikosea, huchezi.

Mwaka huohuo Nintendo ilitoa StarTropics ikiwa na barua halisi ya karatasi. Katikati ya gemu unaambiwa uilowanishe barua ile. Ukiichovya kwenye maji, namba 747 inajitokeza, na bila namba hiyo safari yako imeishia hapo. Sasa fikiria aliyenunua gemu ile mtumba, barua ikiwa imeshatupwa na mwenye nayo wa kwanza. Alikuwa amelipa pesa halali kwa kitu halali, ila uthibitisho haukuwa kwake.

Kwenye PlayStation ya kwanza, Metal Gear Solid ya mwaka 1998 ilimtaka mchezaji atafute masafa ya redio ya mhusika mmoja kwenye picha iliyo nyuma ya kasha la CD. Aliyenunua CD ya kuchoma, ile inayouzwa kwenye mfuko wa nailoni, hakuwa na kasha la kugeuza.

Mashine yenyewe nayo ilikuwa na ukaguzi wake. Ilitafuta alama iliyowekwa kiwandani kwenye diski, alama ambayo kifaa cha kawaida cha kuchoma CD hakiwezi kuiandika. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya mafundi wa "kuchipu": unafungua mashine, unachomelea chipu inayoidanganya kwamba diski ni halali.

Pamoja na usumbufu wote huo, mfumo wa zamani ulikuwa na jambo moja zuri. Uthibitisho ulikuwa kitu cha kushika. Ukimpa mtu boksi zima, umempa na haki ya kucheza.

Namba ya siri inahamia kwenye akaunti

Baadaye zikaja namba ndefu zilizobandikwa kwenye makasha ya CD. StarCraft ya 1998 ilikuwa hivyo, na nyingine nyingi za kompyuta. Ukiingia mtandaoni, seva inaangalia kama namba yako imo kwenye orodha na kama haitumiki na mtu mwingine muda huohuo.

Geuko kubwa lilitokea Septemba 2003, kampuni ya Valve ya Marekani ilipozindua Steam. Mwaka uliofuata ilitoa Half-Life 2, na hata aliyenunua diski dukani alilazimika kufungua akaunti ya Steam ili acheze. Namba ya kwenye kasha ikishaingizwa kwenye akaunti, imefungwa humo. Diski unaweza kumpa jirani, lakini haimsaidii kitu.

Kwangu hapa ndipo biashara nzima ilipobadilika. Uthibitisho uliacha kuwa kitu, ukawa akaunti. Na akaunti si yako kwa maana ile kabati la Keko lilivyo lako. Mkataba wa Steam unasema wazi kwamba unachopewa ni leseni ya kutumia, hujauziwa gemu yenyewe, na kwamba huruhusiwi kumuuzia mtu akaunti.

Watu walipiga kelele kweli pale Microsoft ilipotaka kuupeleka mfumo huu kwenye konsoli. Mwaka 2013 ilitangaza kwamba Xbox One itahitaji kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24 kwa ajili ya ukaguzi, na diski za mtumba zitakuwa na masharti. Sony wakawajibu kwa video fupi ya dhihaka ikionyesha namna ya kugawana gemu kwenye PlayStation 4: mtu mmoja anampa mwenzake diski mkononi, basi. Juni 19 mwaka huo Microsoft ikaufuta mpango. Kwa nchi zetu, ambako umeme hukatika, bando huisha na diski ya mtumba ndiyo njia ya wengi kupata gemu, ushindi ule ulikuwa na maana kubwa kuliko walivyofikiri waliokuwa wakipiga kelele Marekani.

Umelipa, ila nchi yako haimo

Kisa kinachotugusa moja kwa moja ni cha Helldivers 2. Gemu hii ilitengenezwa na Arrowhead ya Sweden, ikatolewa na Sony Februari 2024 kwa PlayStation 5 na kompyuta, bei dola 40. Kwa kompyuta iliuzwa Steam, na watu wa nchi nyingi sana, za Afrika zikiwemo, walilipa na kucheza kwa miezi kadhaa bila shida.

Mei 3, 2024 Sony ikatangaza kwamba wachezaji wa Steam nao watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation Network. Sharti lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo, ila lilisitishwa wakati wa uzinduzi kwa sababu za kiufundi. Tatizo ni kwamba PlayStation Network haitoi huduma rasmi katika nchi nyingi za dunia. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Anayefungua akaunti akiwa huku huchagua nchi nyingine, mara nyingi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, jambo linalokwenda kinyume na masharti ya Sony yenyewe.

Kwa hiyo mtu aliyelipa dola 40 kihalali alikuwa anatakiwa adanganye anakoishi ili aendelee kutumia alicholipia. Siku chache baadaye gemu ikaondolewa sokoni Steam katika nchi na maeneo yapatayo 177.

Wachezaji hawakukaa kimya. Maoni mabaya zaidi ya 200,000 yalimiminika kwenye ukurasa wa gemu hiyo, na Mei 6 Sony ikarudi nyuma: kuunganisha akaunti si lazima tena. Hata hivyo gemu haikurudi sokoni mara moja katika nchi zilizoondolewa. Risiti za wateja wa nchi hizo zilikuwa sahihi muda wote. Hazikuwa na msaada kwa sababu seva haikuwa inauliza risiti, ilikuwa inauliza akaunti ya nchi inayotambulika.

Gemu inapozimwa kabisa

Kuna hatua mbaya kuliko hiyo. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014, ilihitaji seva hata ukicheza peke yako. Machi 31, 2024 seva zikazimwa. Wenye diski halali walibaki na plastiki. Baada ya hapo kampuni ikaanza kuondoa leseni kwenye akaunti za walionunua, hata waliotaka kuiweka kama kumbukumbu wakakuta haimo.

Kisa hicho ndicho kilichozaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na mtengeneza video Ross Scott. Ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Huko California, sheria iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza kutumika Januari 1, 2025 inakataza duka la mtandaoni kutumia neno "nunua" kwa bidhaa za kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Steam iliweka maelezo hayo kwenye ukurasa wa malipo hata kabla ya sheria kuanza. Ni hatua nzuri, ingawa kukuambia kwamba huuziwi si sawa na kukuuzia.

Duka kubwa linalokwenda njia tofauti ni GOG la Poland. Gemu zake hazina kufuli: unapakua faili la kusakinisha, unalihifadhi kwenye diski yako, na litafanya kazi hata GOG ikifa kesho. Huko faili lenyewe ndilo uthibitisho wako.

Ushahidi unaokubalika

Akaunti ya Steam ikiibwa, wahusika hawatakuuliza una gemu gani. Hilo hata mwizi anaweza kulijibu, anaziona. Wanataka kitu ambacho mwizi hawezi kukipata: barua pepe ya kwanza iliyofungua akaunti, namba ya simu iliyounganishwa, taarifa za malipo ya zamani, au picha ya namba ya siri iliyochapwa kwenye kasha halisi. Kwa PlayStation unaweza kuulizwa namba ya muamala au namba ya utambulisho ya konsoli uliyotumia. Kwa Google Play, risiti ya barua pepe ina namba ya oda inayoanza na herufi GPA, na hiyo ndiyo ya kutunza.

Sasa angalia namna wengi wetu tunavyolipia. Unamtumia mtu pesa kwa simu, yeye analipa kwa kadi yake, au anakupa namba ya vocha. Gemu inaingia, mambo safi. Lakini kwenye kumbukumbu za kampuni, mlipaji si wewe. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba ulimtumia fulani pesa, hauthibitishi kwamba ulinunua gemu. Kama huna njia nyingine, angalau mwombe akutumie risiti ya duka yenye namba ya muamala, na uitunze pamoja na ujumbe wako wa malipo.

Akaunti za kununua ni hatari zaidi. Muuzaji anakupa barua pepe na nywila, ndani mna gemu kumi, bei ya kutupa. Mikataba ya Steam na Sony inakataza uhamisho huo, maana yake mbele ya kampuni mmiliki anabaki kuwa yuleyule aliyeifungua. Akiamua kuirudisha miezi mitatu baadaye, ana kila ushahidi na wewe huna hata mmoja. Akaunti moja inaweza pia kuwa imeuzwa kwa watu watano. Ukimlalamikia, anakublock, na huduma kwa wateja watakuambia hukupaswa kuinunua.

Wanaocheza kwenye simu wana mtego wao. Free Fire inakuruhusu kuanza kama "mgeni," bila akaunti yoyote. Ni rahisi, unacheza ndani ya dakika. Ila simu ikiibwa au ukifuta data za programu, almasi na mavazi uliyoyalipia vimekwenda navyo, kwa sababu hakuna jina lililofungwa na vitu hivyo. Unganisha na Google au Facebook kabla hujatoa senti. Kama umetumia namba ya simu kujisajili, hakikisha laini hiyo unaitumia, maana laini iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine.

Na mtu akikuomba picha ya uthibitisho kwamba una gemu fulani, labda kabla ya kukuingiza kwenye timu au kukuuzia kitu, mwonyeshe maktaba yako ya gemu na jina unalotumia, inatosha. Usitume risiti nzima. Namba ya oda, barua pepe na tarakimu za mwisho za kadi ndizo huduma kwa wateja wanazouliza ili kumtambua mwenye akaunti. Namba ya siri ya vocha au ya kasha ambayo haijatumika usiipige picha kabisa. Atakayeiingiza wa kwanza ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye gemu.