Ua wa Matete wa Mwata Kazembe

Barabara inayotoka Nchelenge, nchini Zambia, kwenda kusini, ikiuacha ufuko wa Ziwa Mweru, hufika Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula. Mwishoni mwa Julai hujaa wageni wanaokwenda kuona Mutomboko, ngoma ya ushindi anayoicheza Mwata mwenyewe akiwa ameshika shoka na upanga. Wapo wanaosikitika kwamba ikulu imegeuzwa kivutio cha watalii. Masikitiko yao yanasahau historia. Ikulu hii ilipangwa itazamwe tangu zamani, na mgeni alikuwa chombo cha utawala kabla ya utalii kuwa biashara.

Ufalme huu uliosimama karibu mwaka 1740 ulikaa juu ya njia za shaba ya Katanga, chumvi na pembe za ndovu, kwa hiyo habari zake zilipaswa kufika mbali. Mwaka 1806 Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara waliotumwa na Wareno kutoka Angola, walipokewa kwa heshima kisha wakazuiwa miaka kadhaa wasiendelee na safari ya Tete, Msumbiji. Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiarabu, naye alizuiwa huko miaka mingi. Msafara wa Kireno wa Monteiro na Gamitto, uliofika mwaka 1831, ulikuta barabara pana zilizonyooka na mfalme ameketi kwa fahari chini ya miavuli mikubwa, wakuu wamepangwa kwa vyeo. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1854, Gamitto alikiri kwamba hakutarajia adhama ya namna hiyo. Hayo ndiyo mfalme aliyotaka yaandikwe: mgeni aone ukubwa, apeleke habari, ila aondoke kwa idhini tu.

Atasema mtu kwamba kasri ni mawe, na kwamba makao yaliyohamishwa kila mfalme mpya aliposhika kiti hayawezi kutajwa pamoja na Versailles. Lakini Louis XIV, aliyehamishia serikali yake Versailles mwaka 1682, hakutegemea mawe peke yake. Aliandika kwa mkono wake mwongozo wa kuonyesha bustani, mgeni apite wapi na asimame wapi. Kumwongoza mgeni kwa hatua ndiko kulikofanyika hapa pia. Mpelelezi David Livingstone alipofika Novemba 1867, njia ilipanuka kama barabara ya magari ya farasi kwa takriban maili moja kabla ya makao. Mwisho wake palikuwa na ua wa matete marefu, yadi 300 kwa 200, na ndani yake nyumba kubwa mno ya mfalme iliyozungukwa na vibanda vya watumishi. Bustani zilikuwa mashamba ya mihogo, zao ambalo Walunda walilieneza bondeni na lililolisha mji mzima. Matete huoza, lakini mpangilio ulihama pamoja na mfalme, ukajengwa upya na watu walioujua kwa moyo. Hiyo pia ni elimu ya ujenzi, na inastahili kuheshimiwa kama elimu ya waashi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba Mutomboko kama sherehe ya kila mwaka ilianza mwaka 1971, enzi ya Mwata Paul Kanyembo Lutaba, kwa hiyo ni tamasha jipya. Tarehe ni mpya kweli. Ngoma ni ya kale. Makao haya yalichomwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1899, na ufalme uliobaki chini ya wakoloni ulihitaji mahali pa kuonekana tena. Tena si yote yanayofanywa kwa ajili ya umati: kabla ya ngoma Mwata huenda Mto Ng'ona kutoa sadaka ya chakula kwa wahenga wake.

Ninachokililia ni kingine. Mgeni wa leo huonyeshwa fahari bila hofu. Livingstone alihesabu mafuvu kama sitini langoni, akaona watu waliokatwa masikio na mikono kwa amri ya Mwata Muonga, mfalme wa wakati huo. Lango lile lilitisha kwa makusudi, na Washila, wavuvi walioishi ziwani kabla ya Walunda kuwatiisha, walijua ushindi unaochezwa ulikuwa juu ya nani. Waongozaji wa Mwansabombwe wanapaswa kuyasema haya pale pale uwanjani, wageni wakiwa bado wamesimama mbele ya ikulu.