Kitambaa cha Kochi

Vitambaa kama hiki vilipamba makochi na meza katika nyumba za Eastlands, Nairobi, zikiwemo za Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoanzishwa mwaka 1952, viliwafundisha kina mama kushona na kudarizi. Huko London kumehifadhiwa kwa heshima kitambaa kilichodariziwa na Jane Bostocke mwaka 1598. Vya kwetu vilifuliwa na kutumika hadi vikachakaa, na vilivyosalia vinastahili heshima ileile.

Tazama kwa karibu ua hili lililodariziwa kwenye kitambaa. Ni vijimisalaba vya uzi, na nyuzi za juu zote zimelalia upande mmoja, ndiyo maana rangi imetulia. Umaliziaji ndio uliompima fundi: pindo jembamba lisilovutika, kisha kroshia kuzunguka ukingo. Kroshia ikikazwa mno, kitambaa hujikunja pembeni kikishafuliwa.