Utumbo wa mtoto unapoziba: Picha ya eksirei huonyesha nini?

MTOTO mchanga anapotapika maji ya kijani, tumbo likavimba na choo kikakoma, picha ya eksirei ya tumbo huwa miongoni mwa vipimo vya mwanzo ambavyo daktari huagiza. Ni kipimo cha dakika chache, kinachopatikana katika hospitali nyingi za Jiji la Dar es Salaam. Hata hivyo, kina mipaka ambayo wazazi wengi hawaelezwi.

Kwa familia inayoishi Kariakoo au Gerezani, kutoka nyumbani hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, si mwendo mrefu. Muda hupotea kwingine. Tumbo la mtoto likianza kusumbua, wengi husema ni mchango, hununua dawa katika duka la jirani, na wapo wanaompa mtoto dawa ya kuharisha ili "afunguke". Kwa utumbo ulioziba hilo ni jambo la hatari, kwani dawa hiyo husukuma mahali pasipo na njia.

Katika eksirei ya tumbo, kinachosomwa zaidi ni hewa. Mtoto humeza hewa tangu anapovuta pumzi ya kwanza, na kwa kawaida ndani ya siku moja hewa hiyo huwa imefika kwenye puru. Katika picha hewa huonekana nyeusi. Utumbo ukiziba, hewa na maji hukusanyika juu ya kizuizi, utumbo hutanuka, na picha ikipigwa mtoto akiwa wima huonekana mistari ya usawa pale maji yanapokutana na hewa. Chini ya kizuizi hewa huwa haba au haipo kabisa.

Sura ya hewa huweza kutaja ugonjwa. Mapovu mawili makubwa, moja la tumbo na jingine la mwanzo wa utumbo mdogo, pasipo hewa kwingine, humwelekeza daktari kwenye utumbo ulioziba tangu mimba. Kwa mtoto aliyechelewa kupata choo cha kwanza zaidi ya saa 48, hushukiwa maradhi ya Hirschsprung, yaliyopewa jina la daktari wa Denmark aliyeyaeleza mwaka 1886; katika maradhi hayo sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hukosa neva za kuisukuma. Kwa mtoto mkubwa kidogo, furushi la minyoo huweza kuonekana kama nyuzi zilizosokotana.

Ugumu upo. Kwa mtoto mchanga, utumbo mdogo na mpana hufanana mno katika picha, hata daktari mzoefu huweza kushindwa kuutenganisha. Aidha, utumbo ukijisokota, picha ya mwanzo inaweza kuonekana ya kawaida wakati damu imekwisha kukatika, na utumbo huanza kufa ndani ya saa chache. Kwa sababu hiyo, matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga huhesabiwa kuwa dharura hata kama eksirei haikuonyesha kitu.

Ndivyo ilivyo pia pale kipande cha utumbo kinapoingia ndani ya kingine, mithili ya mkono wa shati uliokunjwa. Tatizo hili huwapata zaidi watoto wasiotimiza mwaka mmoja: mtoto hulia kwa vipindi, hulegea, kisha hutoa ute wenye damu. Hapa ultrasaundi hugundua vizuri kuliko eksirei. Tanzania ilipoingiza chanjo ya rotavirusi katika ratiba ya kawaida mwaka 2013, baadhi ya watu walihofu kuwa ingeongeza tatizo hilo, kwa kuwa chanjo ya awali ya aina hiyo iliondolewa Marekani mwaka 1999. Utafiti uliohusisha nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2018 haukuona ongezeko.

Eksirei haina mshindani wa haraka katika jambo moja: kuonyesha utumbo uliotoboka. Hewa iliyovuja hupanda juu chini ya kiwambo, na mtoto asiyeweza kuketi hulazwa kwa ubavu wa kushoto ili ionekane kando ya ini. Hapo daktari wa upasuaji huitwa mara moja.

Mionzi ya picha moja ni kidogo, lakini haipaswi kupigwa bila sababu. Usalama wake nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomi. Anayemshika mtoto wakati wa kupigwa picha avae aproni ya risasi, na mama mjamzito asiwe yeye.

Wakati majibu yakisubiriwa, mtoto hasitahili kunyonya wala kupewa uji. Huwekewa dripu, na mpira hupitishwa puani kutoa maji tumboni. Akihamishiwa hospitali nyingine, picha ya kwanza iende naye, kwani daktari akilinganisha picha mbili zilizopishana kwa saa kadhaa huona kama hewa imesogea au imekwama palepale.