Mapunye, upele na pumu ya ngozi kwa watoto: tyubu ya dukani inapoishia

Wadau, leo tuache kidogo siasa na mpira. Mtaani kwetu mtoto akianza kujikuna tu, mtu anatumwa duka la dawa, anarudi na tyubu. Mimi si daktari, nimemaliza kidato cha nne basi, ila hili nimelifuatilia na naona tyubu moja ndiyo inatusumbua zaidi: ile ya mchanganyiko.

Ndani yake huwa kuna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali kama betamethasoni. Steroidi inatuliza muwasho haraka, siku mbili tu mama anafurahi. Kumbe kama ni fangasi, inaendelea kutanuka chini kwa chini, na ile duara inapoteza umbo lake mpaka hata mtaalamu anapata shida kuitambua. Ikipakwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, na kwa mtoto mchanga dawa inaingia mpaka kwenye damu. Kwa hiyo usikubali "hii inatibu zote".

Tuanze na mapunye ya kichwani. Hii fangasi inaingia ndani ya unywele wenyewe, krimu haifiki huko. Inatakiwa dawa ya kumeza, kwa mfano griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8, au terbinafini, kipimo kikipangwa kwa uzito wa mtoto. Mtoto wa dada yangu alimaliza tyubu tatu bure, alipoandikiwa vidonge ndipo nywele zikarudi. Na ule mtindo wa watoto watano kuchangia kitana kimoja au mashine ya kunyolea isiyosafishwa, jamani tuuache.

Upele nao una mambo yake. Ni kijidudu kinachochimba ngozi, kinawasha zaidi usiku: katikati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni, na kwa wachanga mpaka nyayo na kichwa. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna huku anagawa kwa wengine. Ndiyo maana ukimpaka mtoto mmoja, mwezi ujao mnaanza upya. Nyumba nzima ipakwe siku moja, hata baba anayesema yeye hana kitu, halafu mrudie kama mlivyoelekezwa. Nguo na mashuka yafuliwe siku hiyohiyo. Ile dawa nyeupe ya maji, BBE, kwa mtoto huwa inazimuliwa, muulize mhudumu kiasi gani. Muwasho ukibaki wiki mbili tatu baada ya dawa, si lazima iwe imeshindwa.

Pumu ya ngozi (kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, kwa wachanga mashavuni) haiambukizi, mtoto asitengwe. Mafuta mazito yasiyo na manukato kila siku, hasa akitoka kuoga, yanasaidia sana. Kwenye ngozi nyeusi haionekani nyekundu kama picha za mtandaoni, huwa ya kijivu au nyeusi zaidi.

Sasa mtaalamu yuko wapi? Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Ila pale KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza 1992. Kinafundisha matabibu miaka miwili kuhusu ngozi, halafu wanarudi kuhudumia mikoani na nchi jirani. Yaani si lazima usafiri mpaka kwa bingwa. Anza zahanati, na usipopata nafuu omba rufaa, kisha uliza hospitali ya mkoa siku ya kliniki ya ngozi.

Usisubiri kliniki kama mtoto ana homa na ngozi inabambuka, ana malengelenge au vidonda vya mdomoni na machoni baada ya kumeza dawa, au ni kichanga mwenye usaha. Baada ya vidonda vya ngozi, akivimba uso au mkojo ukiwa kama soda ya kola, figo zinaweza kuwa zimeguswa: wahi hospitali. Baka lililopauka lisilo na hisia lipimwe ukoma, dawa zake ni bure.

Ukienda, beba tyubu zote alizowahi kupakwa, hata zilizoisha. Na kama mnajua siku za kliniki ya ngozi mkoani kwenu, tupieni kwenye maoni hapo chini.